Mishumaa ya betri kama pambo la nyumba: mwanga wake, betri zake na mahali pa kuiweka

Mshumaa wa betri haufai kuhukumiwa kwa kuuliza kama unaweza kumdanganya mtu aliyeusogelea na kuuchungulia, kwa kuwa mapambo ya nyumbani hayatazamwi hivyo. Unafaa kupimwa kwa mwanga unaoumwaga ukutani na kwenye nyuso za waliokaa karibu nao, na kwa muda utakaoendelea kuumwaga kabla betri hazijachoka. Nimeitumia mishumaa ya aina hii sebuleni, chumbani na bafuni kwa muda wa kutosha kujua kipi kinadumu na kipi kinachosha. Tathmini hii inahusu hasa seti ya mishumaa mitatu minene yenye ganda la nta, inayowashwa kwa rimoti, nami nitailinganisha na ile midogo ya plastiki inayouzwa kwa pakiti, pamoja na ile ya gharama zaidi ambayo mwali wake hujongea.

Mishumaa ya seti hii ina kipenyo cha sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 10, 12.5 na 15, na kila mmoja unatumia betri mbili za AA zinazowekwa ndani ya kitako. Ganda la nje ni nta halisi ya parafini iliyozunguka mrija wa plastiki wenye betri, saketi ndogo na taa ya LED. Ukingo wa juu haukukatwa sawasawa. Umeachwa ukipanda na kushuka, upande mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine, na katikati pana shimo la kina kifupi lenye utambi mweusi wa bandia. Ukipitisha ukucha juu ya nta unaacha alama. Hilo linathibitisha kwamba ganda si rangi iliyopakwa juu ya plastiki, na pia linaonya kwamba mishumaa hii inataka kitambaa laini na mkono mwepesi wakati wa kuifuta vumbi.

Nta hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipendelea seti hii kuliko mishumaa ya plastiki. Mshumaa wa moto unapowaka, sehemu iliyo karibu na mwali hung'aa kwa sababu nta hupitisha mwanga kiasi na kuusambaza, halafu mng'ao hufifia polepole kuelekea chini. Ganda la nta lililozunguka LED hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa kinachosambaza mwanga ni kitu kilekile. Plastiki kwa kawaida ama huuziba mwanga na kubakiza nukta moja kali juu, ama huung'arisha mwili mzima kwa usawa kutoka juu hadi chini, na hapo jicho hutambua mara moja kwamba linatazama taa. Mtu aliyekaa mita mbili au tatu kutoka kwenye rafu hauoni utambi. Anachokiona ni ule mng'ao wa juu unaofifia, na ukiwa umekaa vizuri, kasoro nyingine nyingi husameheka.

Baada ya ganda, kinachofuata kwa uzito ni rangi ya mwanga, na hapa wanunuzi wengi huponzwa na maneno ya kwenye boksi. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: mwali wa mshumaa uko karibu na kelvini 1,900, balbu za nyumbani zenye mwanga wa manjano hafifu huwa kwenye 2,700, na mwanga mweupe unaofanana na wa mchana hufika 5,000 au zaidi. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo mwanga unavyouacha wekundu na kuelekea buluu. Kwa hiyo boksi linaloahidi mwanga wa joto huku likitaja kelvini 3,000 linasema kweli kuhusu balbu, lakini linakosea kuhusu mshumaa.

Chanzo cha tatizo hilo ni namna LED nyeupe inavyotengenezwa. LED nyekundu ambayo Nick Holonyak aliionyesha mwaka 1962 haikuweza kutoa mwanga mweupe, na ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1990 ndipo LED angavu ya buluu ikapatikana, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED nyeupe iliyo ya kawaida leo ni chipu ya buluu iliyofunikwa kwa fosfori ya manjano, yaani unga unaogeuza sehemu ya mwanga wa buluu kuwa manjano, na jicho huuona mchanganyiko wa rangi hizo kuwa mweupe. Fosfori ikiwa haba, buluu hupenya, nao mshumaa hutoa mwanga baridi unaofanya nyuso za watu zionekane zimepauka. Watengenezaji wa seti hii wamechagua LED inayoelekea rangi ya kaharabu, na ganda la nta la rangi ya maziwa mazito huuongezea mwanga huo joto kidogo unapopita. Anayenunua dukani anaweza kujiridhisha kwa kuuwasha mshumaa mahali penye kivuli na kusogeza karatasi nyeupe pembeni yake: karatasi ikionekana nyeupe tu, au yenye dalili ya buluu, mshumaa huo utaiharibu sebule jioni hata kama umbo lake linapendeza kiasi gani.

Kuhusu kucheza kwa mwanga, nina msimamo ambao najua wengi hawautarajii. Mwali wa mshumaa ndani ya chumba kilichotulia husimama karibu bila kutikisika. Huyumba pale mtu anapopita, mlango unapofunguliwa au hewa inapoingia dirishani. Mishumaa mingi ya betri, hasa midogo, humemeta kwa haraka na bila kupumzika, kwa sababu chipu iliyo ndani imepangiwa kuongeza na kupunguza mwanga kwa mfululizo unaojirudia. Ukiuweka mmoja pembezoni mwa upeo wa macho huku unasoma au unaongea na mtu, baada ya muda utatamani kuuzima. Seti ninayoieleza ina hali mbili, ya kutulia na ya kucheza, na hiyo ya pili ni ya taratibu, mwanga ukishuka kidogo tu na kupanda tena bila kuruka. Hata hivyo, mimi huiacha kwenye hali ya kutulia karibu wakati wote, na simshauri mtu anunue mshumaa usio na hali hiyo.

Mishumaa yenye mwali unaojongea ni habari nyingine, na inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mahali pa utambi pana kipande chembamba cha plastiki chenye umbo la mwali, kilichotobolewa tundu dogo na kuning'inizwa juu ya waya mwembamba. Chini ya kipande hicho kuna sumaku ndogo, na ndani zaidi ya mshumaa kuna koili inayopitisha umeme kwa vipindi visivyo sawa. Kila sumaku inaposukumwa, kipande huyumba, na kwa kuwa kimening'inia huru, mienendo yake haijirudii kwa mpangilio unaoonekana. Mwanga wenyewe hautoki ndani ya kipande, bali hurushwa juu yake na LED iliyofichwa chini. Teknolojia hii ilianzia kwa wahandisi wa Disney, kisha ikafikishwa majumbani kwa jina la Luminara, na baadaye wakajitokeza watengenezaji wengine wenye mbinu zinazokaribiana nayo. Ukitazamwa ukiwa umbali wa meza, mwali huo unapendeza kweli, na mimi nauhesabu kuwa mafanikio ya uhandisi yanayostahili sifa. Udhaifu wake ni kwamba, katika aina ambazo mwanga hurushwa kutoka upande mmoja, kipande huonekana vizuri kikitazamwa mbele na hufifia kikitazamwa kwa nyuma; tena mshumaa lazima usimame wima mahali palipo sawa, kwa sababu ukiinama kipande hugusa ukingo na kusimama. Kwa mshumaa mmoja wa katikati ya meza ninaukubali. Kwa mishumaa mitano juu ya rafu sioni haja yake, maana huko hakuna anayeutazama mwali wenyewe.

Sasa mahali pa kuiweka, jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua kama mishumaa hii itaipamba nyumba au itakuwa vitu tu vilivyosimama juu ya samani. Kwanza ni vizuri kufahamu wingi wa mwanga tunaouzungumzia. Mshumaa wa kawaida wa moto hutoa takriban lumeni 12 au 13, na mingi ya betri haifiki hapo. Hizo ni sehemu ndogo sana ya mwanga wa balbu ya dari, na ndiyo maana mishumaa iliyowashwa huku taa kubwa inawaka haina kazi yoyote. Zima taa ya dari, acha taa moja ya pembeni yenye mwanga wa manjano hafifu, halafu weka mishumaa pale ambapo mwanga wake utapata kitu cha kugonga: ukuta ulio nyuma yake kwa umbali wa kiganja, mgongo wa kabati la vitabu, au kioo. Kioo hasa ni msaada mkubwa, kwa sababu mshumaa uliosimama mbele yake huonekana miwili, na mwanga ambao ungepotelea ukutani hurudishwa chumbani.

Urefu wa mahali una uzito wake pia. Mshumaa uliowekwa chini ya usawa wa macho ya mtu aliyekaa humwonyesha shimo lake la juu, utambi wa bandia na wakati mwingine nukta ya LED yenyewe. Ukiupandisha hadi usawa wa macho au juu kidogo, ukingo wa nta huvificha vyote hivyo na kubakiza mng'ao. Kwa meza ya chini ya sebuleni, ambako kila mtu hutazama kutoka juu, mimi huuweka mshumaa mrefu peke yake ndani ya chombo cha glasi chenye mdomo mpana na kuta zinazouzidi kimo, ili jicho lizuiwe na kuakisi kwa glasi kabla ya kufika kwenye shimo. Vinara vya chuma au vya mbao vinaipendezesha mishumaa hii kuliko trei bapa, kwa sababu kitako cha plastiki, ambacho ndicho sehemu mbaya kuliko zote, huzama ndani ya kinara na kupotea.

Faida ambayo hakuna mshumaa wa moto unaoweza kuidai ni uhuru wa mahali. Mshumaa wa moto unahitaji nafasi ya angalau sentimita 30 kutoka kwenye chochote kinachoweza kushika moto, nayo nafasi hiyo huondoa sehemu nyingi nzuri za nyumba: katikati ya vitabu, ndani ya kapu la maua makavu, ukingoni mwa dirisha lenye pazia, juu ya kabati lililo karibu na dari, kichwani mwa kitanda. Mshumaa wa betri unaingia kote huko. Inashangaza, kwa hiyo, kuona watu wakiununua na kuuweka palepale walipokuwa wakiweka ule wa moto, katikati ya meza tupu, kisha wakalalamika kwamba hauna uhai. Uweke kati ya vitabu viwili vilivyosimama, ukiwa umerudishwa nyuma kidogo, utazame namna mwanga unavyoteleza juu ya migongo ya vitabu. Kwa mtu anayependa nyumba yake, mandhari ya namna hiyo yanatosha kuwa sababu ya kununua. Kwa nyumba yenye watoto wanaokimbia, paka anayepanda rafu au mgonjwa ambaye moshi unamsumbua kifua, hakuna hata haja ya kujadili. Dari na kuta nazo hubaki safi, kwa kuwa hapana masizi.

Ipo mipaka, hata hivyo. Nta ya parafini huyeyuka kati ya takriban nyuzi 46 na 68 za Selsiasi kutegemea aina yake, na huanza kulainika kabla ya kufika hapo. Mshumaa wa ganda la nta ulioachwa dirishani juani, au ndani ya gari lililofungwa mchana, unaweza kupinda na usirudi katika umbo lake. Kwa dirisha linalopigwa na jua na kwa varanda nachagua plastiki, nikijua kwamba nayo huenda ikageuka manjano kwa miale ya jua. Bafuni mvuke hauiharibu nta, lakini hushambulia vibati vinavyoshika betri, kwa hiyo mshumaa wa huko unapaswa kufunguliwa na kukaguliwa mara kwa mara.

Betri ndizo gharama ya kweli ya pambo hili, na hesabu yake ni nyepesi. Betri ya AA ya alkali hubeba takriban miliampea-saa (kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri) 2,000 hadi 2,500, na zikiunganishwa mbili mfululizo volti huongezeka ila uwezo huo haubadiliki. LED ikivuta miliampea 10, mshumaa utawaka kama saa 200, yaani zaidi ya mwezi mmoja kwa saa 6 kila jioni. AAA hubeba nusu ya hapo au chini kidogo. Betri ya duara ya CR2032 iliyomo ndani ya mishumaa midogo ya plastiki hubeba karibu miliampea-saa 220 tu, na kwa matumizi hayohayo haimalizi jioni nne. Mtu anaponunua pakiti ya mishumaa midogo kwa sababu ni rahisi, ajue kwamba atanunua betri zake mara nyingi mno, na kwamba wengi huishia kuitupa mishumaa mizima, saketi na betri zake, jambo ambalo siliungi mkono hata kidogo. Mishumaa hiyo inafaa kwa shughuli ya usiku mmoja. Kwa kupamba nyumba kila siku haifai.

Betri za kuchaji zinafaa, ila kuna jambo la kuangalia. Kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo mbili kwa pamoja hutoa 2.4, ilhali LED yenye chipu ya buluu huhitaji karibu volti 3 ili ing'ae ipasavyo. Kama saketi ya mshumaa haina njia ya kupandisha volti, mwanga utakuwa hafifu tangu siku ya kwanza. Katika seti hii unapungua kwa kiasi kinachoonekana, na mimi nimeona upungufu huo unaifaa chumba cha kulala kuliko mwanga kamili, ingawa sebuleni narudi kwenye alkali. Betri za alkali nazo zisiachwe ndani ya mshumaa usiotumika, kwa sababu zikizeeka huvuja alkali inayokula vibati. Ukikuta unga mweupe kwenye vibati, vaa glavu, upanguse kwa pamba iliyoloweshwa siki kidogo, ukaushe vizuri ndipo uweke betri mpya.

Kipima muda cha seti hii hufuata utaratibu uliozoeleka katika bidhaa hizi: mshumaa huwaka saa 6, hulala saa 18, kisha hujiwasha tena saa ileile ulipouwasha mwanzoni. Kwangu hicho ndicho kipengele chenye thamani kuliko rimoti. Nyumba ambayo mishumaa yake inawaka yenyewe giza linapoanza kuingia hupokea watu kwa namna nyingine kabisa, hata aliyeifungua mlango akiwa amechoka. Kasoro yake ni kwamba saa za ndani za mishumaa mitatu hazilingani kabisa. Baada ya wiki kadhaa mmoja hutangulia kwa dakika chache na mwingine huchelewa. Dawa yake ni kuizima yote na kuiwasha upya kwa pamoja kwa rimoti, na ni lazima kufanya hivyo pia kila betri zinapobadilishwa, kwa kuwa kumbukumbu ya muda hufutika. Rimoti yenyewe ni ya infraredi, inahitaji kuuona mshumaa, na ukiwa umefichwa nyuma ya kitabu au ndani ya fanusi yenye kuta za bati haitaufikia.

Kuna vitu ambavyo mshumaa huu hautoi. Hautoi harufu, na ile iliyotiwa manukato kwenye nta hupoteza harufu yake mapema, kwa hiyo anayetaka chumba kinukie atafute njia nyingine. Hautoi joto, wala ile shughuli ya kuwasha kibiriti ambayo kwa baadhi ya watu ni nusu ya raha ya mshumaa. Hao sina la kuwashawishi.

Lalamiko langu zito ni kuhusu vifuniko vya betri. Kifuniko cha kitako cha seti hii hushikiliwa na kijino cha plastiki pekee, ambacho hulegea kadiri kinavyofunguliwa, na mshumaa mfupi tayari unahitaji kubanwa kwa utepe. Kwa AA hilo ni usumbufu tu, lakini rimoti inayokuja na seti inatumia betri ya duara ya aina ileile ya mishumaa midogo, nayo pia imefungwa kwa kijino tu. Betri hiyo ikikwama kwenye umio wa mtoto aliyeimeza inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 inayojulikana kama Sheria ya Reese inataka sehemu za betri za namna hiyo zifungwe kwa njia ambayo mtoto mdogo hawezi kuifungua, na skrubu moja ndogo ingetosha kulitimiza takwa hilo. Kabla ya kusifu nta na rangi ya mwanga, geuza rimoti na kila mshumaa mdogo unaotaka kununua, uangalie kama kifuniko kina skrubu. Kama hakina na nyumbani kuna mtoto, rimoti ikae kwenye droo inayofungwa, nayo mishumaa iendeshwe kwa swichi ya chini ya kitako, ambayo katika seti hii huanzisha kipima muda bila kuhitaji rimoti hata mara moja.